Mizunguko Kumi na Minne ya Vali ya Bloki D

Vijana wa benchi la majaribio, mmenisumbua tangu nistaafu niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, nimekaa chini. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaambia nilivyoingia, aliyenifunza, na jinsi nilivyokaribia kumtoa mzee wa watu nyumbani kwake kwa ripoti niliyoipiga taipu kwa vidole vyangu mwenyewe.

Niliingia karakanani mwanzoni mwa miaka ya sabini, karani wa taipu. Karakana ilikuwa hapo hapo mlipo leo, nyuma ya mtaa wa Shauri Moyo, ila paa lilikuwa la mabati yaliyochoka na mvua ikinyesha hatusikilizani. Nilikuwa nakaa mtaa wa Jericho kwa shangazi yangu. Nilitembea kwa miguu kila asubuhi, viatu vya ofisini nimevitia kwenye kikapu kwa sababu ya matope. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu ripoti za mafundi: geji hii imepimwa, vali ile inavuja, bomba lile limestahimili. Mafundi wenyewe waliandika kama kuku wanaochakura, kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa natoka ofisini kwenda benchi kuuliza kama hii ni saba au ni moja.

Huko benchi ndiko nilikomkuta Mzee Njuguna. Alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, na kazi yake ilikuwa kuhakiki geji za presha. Geji ni ile saa yenye mshale mmoja inayokuambia maji au mvuke unasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kuihakiki, unaifunga kwenye mtambo wa mawe. Unapanga mawe ya chuma yenye uzani unaojulikana juu ya pistoni, pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma geji, na geji inatakiwa iseme ukweli. Nyingi hazikusema.

Siku moja nilimwambia, "Mzee, hapa umeandika thelathini na mbili. Mbona mshale uko thelathini na moja na nusu?"

"Umeusomea wapi?"

"Hapa mbele yake."

Akaja akasimama niliposimama mimi. Kumbe yeye siku zote alikuwa akisoma kutoka kando, mkono ukiwa kwenye mtambo, na mshale ukitazamwa kutoka kando hudanganya. Alasiri hiyo akaenda kwa Bwana Mkubwa, yaani mwenye karakana, akaomba nihamishiwe benchi. Bwana Mkubwa alicheka sana. Akauliza msichana wa taipu atashikaje spana.

"Naomba macho yake," Mzee Njuguna akamwambia. "Mikono ninayo."

Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kugusa kitu isipokuwa kioo cha geji. Kabla ya kusoma unakigonga kwa kidole, polepole, mshale uamke kama umenata. Unasoma, unaandika, unagonga tena, unasoma tena. Nilizoea mpaka nyumbani nikawa nagonga saa ya mezani ya shangazi, naye akaniuliza hiyo saa imenikosea nini. Wiki ya pili nikamwaga mafuta ya mtambo kwenye sketi yangu ya kanisani, ambayo nilikuwa nimeivaa kwa ujinga wangu. Shangazi alininunulia ovaroli ya mitumba sokoni Gikomba, ya mwanamume mrefu mahali fulani Ulaya, nikaikunja miguu mara tatu.

Mzee Njuguna alinifunza kwa kunipeleka palipoharibika. Nakumbuka kiwanda kimoja cha sabuni ambako geji mbili kwenye bomba moja zilitofautiana kwa karibu pauni nane za presha. Fundi wa pale alikuwa ameshabadilisha geji tatu na amekasirika kabisa. Mzee Njuguna hakugusa geji. Aliomba futi ya kupimia, akaniambia nishike ncha moja juu naye akashuka na nyingine ngazini. Geji ya chini ilikuwa futi kumi na nane chini ya mwenzake. Maji yaliyosimama ndani ya bomba yana uzito wake, na kwa kila futi mbili na kidogo unaongeza pauni moja. Geji zote mbili zilikuwa zinasema kweli, kila moja mahali pake. Yule fundi alitutazama kama tumemtukana, lakini chai alitupa.

Baada ya miaka miwili hivi nikaanza kutumwa peke yangu. Hapa ndipo ninapotaka msome taratibu.

Kulikuwa na mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda fulani, upande wetu huu wa Eastlands. Jina lake halina haja. Ulikuwa na bloki nne za ghorofa tatu, A mpaka D, na tangi moja juu ya mnara. Maji ya tangi hayakutosha bloki zote kwa mara moja, kwa hiyo walikuwa na desturi yao: kila bloki ilibanwa kwa zamu. Mtu wa vali alifunga vali ya bloki hii nusu ili ile nyingine ipate, kisha baadaye anageuza. Mtu huyo alikuwa Mzee Mulwa, Mkamba mwenzangu wa kutoka Kitui, mpole, kofia haimtoki kichwani. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, na nyumba aliyokaa na mkewe na watoto wanne, chini kabisa kwenye Bloki A, ilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, nyumba inaisha.

Sasa Bloki D ilikuwa imekauka. Si kukauka kabisa: siku moja maji yanakuja, siku tatu hayaji. Ghorofa ya tatu ndiyo iliumia zaidi. Huko aliishi Mama Wairimu, mshonaji nguo, mama mwenye ulimi, na yeye ndiye aliyesema wazi kwamba Mzee Mulwa anawafungia D maji ili watu wake wa Bloki A waoge. Maneno yakaenea. Meneja wa mtaa akaomba karakana yetu ije ipime, iseme kosa liko wapi. Mzee Njuguna alikuwa Thika kwenye kazi nyingine. Nikatumwa mimi.

Nilifika asubuhi na geji moja kwenye kikapu. Nikaifunga kwenye mfereji wa Mama Wairimu, nikafungua na mfereji mwingine wa pembeni, mshale haukuinuka. Nikagonga kioo. Ulibaki pale pale. Nikashuka mpaka kwenye shimo la vali. Mzee Mulwa alikuwa amekwisha kuondoa kifuniko cha chuma na kunipangusia mahali pa kupiga magoti. Vali ilikuwa ya geti, yaani ile ambayo ndani yake kuna kabari ya shaba inayopanda na kushuka mbele ya maji, ikining'inia kwenye shina. Ukizungusha gurudumu kufungua, unaona shina linapanda.

Akazungusha, naye akahesabu kwa sauti, jinsi watu wa vali walivyofanya wote zamani zile. Moja, mbili, tatu. Mimi nikahesabu naye. Kumi na minne, gurudumu likagota.

"Kumi na minne tangu nianze kazi," akasema. "Ila siku hizi imekuwa nyepesi. Zamani mzunguko wa kwanza ulinitoa jasho."

"Umeitia mafuta?"

"Sijaitia."

Nilisikia, na sikuandika. Kwetu mizunguko ikitimia, vali ilihesabiwa kuwa imefunguka. Fomu yenyewe ilikuwa na kijisanduku cha idadi ya mizunguko, nikaandika kumi na minne, nikarudi ofisini nikakaa kwenye taipu yangu ya zamani. Nikapiga sentensi niliyojivunia kwa jinsi ilivyonyooka: "Vali ya Bloki D ni nzima na inafunguka kikamilifu. Upungufu wa maji unatokana na uendeshaji." Nikaweka sahihi yangu chini. Ilikuwa ripoti yangu ya kwanza yenye sahihi yangu peke yake, na nakiri nilibaki na nakala nikampelekea shangazi aione.

Siku kumi baadaye Mzee Mulwa akaja karakanani. Alikuwa ametembea. Alisimama mlangoni akavua kofia, mara ya kwanza nione kichwa chake, akatoa barua mfukoni akanipa. Meneja alikuwa amemwachisha kazi. Mwisho wa mwezi awe ametoka nyumbani. Ndani ya barua ile, neno kwa neno, ilikuwa sentensi yangu iliyonyooka.

Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana.

"Mwanangu," akasema, "tulihesabu pamoja. Nakuomba uniambie nilikosea wapi, ili nikiulizwa na mama watoto nijue la kumjibu."

Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamletea chai, nikaenda nyuma kwa Mzee Njuguna. Nikamwambia yote. Hakunikaripia. Aliendelea kupangusa jiwe la mtambo kwa kitambaa, akauliza swali moja.

"Ulipima shina au ulipima maji?"

"Niliona shina likipanda."

"Sikukuuliza uliona nini."

"Sikupima maji, Mzee. Nilipima kwenye mfereji wa juu tu. Pale kwenye vali sikupima."

"Na yeye alikuambia nini kuhusu vali?"

Nikamwambia habari ya wepesi. Akaacha kupangusa.

Tulichukua geji mbili. Kwanza tukaziweka kwenye mtambo wa mawe, zikatoka sawasawa kuanzia pauni tano mpaka arobaini. Kesho yake asubuhi tukaenda mtaani sisi watatu, Mzee Mulwa katikati. Meneja alikuja na saa yake ya mkononi, akatuambia ana nusu saa. Watu wa Bloki D walitoka madirishani, na Mama Wairimu alishuka kabisa, sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani mwa gauni.

Bahati nzuri kulikuwa na mfereji wa kufulia kabla tu ya vali, na mwingine wa bustani hatua chache baada yake. Tukafunga geji moja kila upande. Mzee Mulwa akafungua vali, kumi na minne kama kawaida. Nikagonga vioo, nikasoma. Kabla ya vali, pauni ishirini na tano. Baada ya vali, ishirini na tano.

Meneja akatabasamu. "Si mnaona? Vali haina neno. Ripoti yenu ilisema hivyo hivyo."

Mzee Mulwa alikuwa anatazama chini, anausokota ukingo wa kofia.

Mzee Njuguna akanigeukia mimi, si meneja. "Ndunge, maji yanatembea?"

Nikafikiri. Mifereji yote ya Bloki D ilikuwa imefungwa, maana nani anaacha mfereji wazi mahali pasipo na maji? Maji yaliyosimama yakipenya hata kwenye tundu la sindano, baada ya muda presha inakuwa sawa pande zote. Geji zilikuwa zinasema kweli tena, ila tulikuwa tumeziuliza swali baya.

"Hayatembei," nikasema. Nikamgeukia Mama Wairimu. "Mama, naomba watu wa D wafungue mifereji yao yote. Yote kabisa, chini mpaka juu."

"Ya nini, na hakuna kitu?"

"Ifungue tu, mama. Nitakuambia."

Akapaza sauti mara moja, na niaminini, ilitosha. Tukasikia mifereji ikifunguliwa ghorofa kwa ghorofa. Nikagonga kioo cha kwanza: ishirini na nne. Nikagonga cha pili, na mshale ulikuwa unashuka mbele ya macho yangu, kumi na tano, tisa, mpaka tatu, ukatulia. Nikamwita meneja asome mwenyewe. Akasema labda geji ya pili ni mbovu. Ni hoja nzuri, na ndiyo sababu nawaambia kila siku mbadilishane geji. Nikazifungua, nikaweka ya kwanza mahali pa ya pili, na ya pili mahali pa ya kwanza. Ishirini na nne na tatu, vile vile. Pauni ishirini na moja zilikuwa zinapotelea ndani ya vali ambayo mimi niliandika ni nzima.

Tukafunga maji kutoka kwenye mnara, tukafungua bolti za kifuniko cha vali. Mzee Njuguna akanipa spana. Nilipovuta juu, shina likatoka tupu. Mwisho wake, pale kabari inaponing'inia, palikuwa pameliwa pakawa laini. Kabari yenyewe ilikuwa imelala chini ya vali, imeziba njia.

Ndivyo desturi ya kubana nusu ilivyofanya. Vali ya geti imeumbwa iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu, maji yanapita chini ya kabari kwa kasi, yanaitikisa usiku na mchana, na mwaka baada ya mwaka masikio yake, pale inaponing'inia kwenye shina, yanalika pamoja na ncha ya shina mpaka inadondoka. Shina linabaki jepesi kwa sababu halibebi kitu. Linapanda mizunguko yake kumi na minne na kushuka kumi na minne, na maji yanapita tu siku ambazo kabari imejisogeza yenyewe. Mzee Mulwa hakuwa amemfungia mtu maji. Alikuwa akifungua kila siku, na hakuna kilichofunguka.

Aliishika ile kabari kwa mikono miwili akaigeuza huku na huku. Mama Wairimu naye akaitazama, kisha akarudi juu.

Meneja alisema barua imeshatoka, na ofisi yake hufuata ripoti ya kitaalamu. Kama karakana ina ripoti nyingine, aletewe kwa maandishi. Kwa hiyo tukarudi kwa Bwana Mkubwa.

"Karakana hii haijawahi kufuta ripoti," akasema. "Tukifuta moja, kesho kila mteja atauliza kama yake nayo ni ya kufutwa."

Mzee Njuguna aliweka shina mezani. Bwana Mkubwa akaligeuza.

"Kabari yake iko wapi?"

"Mfukoni mwangu," nikasema, nikaiweka kando ya shina. "Bwana Mkubwa, jina lililo kwenye ripoti ni langu. Acha niifute mimi. Ukiona nimeiaibisha karakana, niondoe mimi. Yule mzee ana watoto wanne kwenye ile nyumba."

Ovaroli yangu ilikuwa imelowa mpaka magotini na nilikuwa nimeanza kulia, jambo ambalo lilinikasirisha sana. Mwishowe akasema, "Pigeni taipu. Nitaisoma kabla haijatoka."

Niliipiga mwenyewe. "Ripoti ya kwanza ilikuwa na kosa. Mpimaji alihesabu mizunguko ya shina na hakupima maji. Mpimaji ni mimi. Mzee Mulwa aliieleza hitilafu siku hiyo hiyo na haikuandikwa. Vali ilikuwa imevunjika ndani. Mzee Mulwa alifuata desturi ya mtaa na hakuwa na kosa." Bwana Mkubwa aliisoma mara mbili, akabadilisha mkato mmoja, akaweka sahihi yake chini ya yangu. Siku nne baadaye meneja akaifuta barua yake.

Kisha ikaja kazi ya kuchagua vali mpya, na hapa nilijifunza zaidi kuliko mwaka mzima wa mtambo wa mawe. Mimi nilitaka tuweke vali za kubana kila mahali, zile ambazo kizibo chake kinashuka kutoka juu na kukalia tundu la maji, kama mfereji wa jikoni. Hizo unaweza kuziacha nusu na zisiumie upesi. Mzee Njuguna akaniuliza Bloki D iko umbali gani kutoka kwenye mnara. Ndiyo ya mwisho, nikamjibu. Akaniuliza vali ya kubana inakula presha kiasi gani hata ikiwa wazi. Nyingi, nikamjibu, kwa sababu maji ndani yake yanapinda kona mbili. Tukaweka za kubana kwenye A, B na C, zilizo karibu na mnara, zenye presha ya kuchezea. D tukaiwekea ya geti mpya, ya kukaa wazi kabisa, isibanwe kamwe. Kugawa maji kungefanywa kwa kuwabana walio karibu, na wa mbali aachwe apumue. Tukaacha pia tundu la geji kila upande wa kila vali.

Siku ya kufungua, nilimwendea Mzee Mulwa shimoni nikampa gurudumu jipya. Akalikataa.

"Fungua wewe," akasema. "Mimi sijawahi kupanda kule juu kuona kama yanafika. Miaka yote hii nimeyatuma tu."

Akapanda ngazi za Bloki D. Nilijua anakwenda kwa nani. Kupitia dirisha la ghorofa ya tatu nikamwona Mama Wairimu akisogeza cherehani yake kando na kumvutia kiti karibu na mfereji. Sikusikia walichosemezana. Nikazungusha gurudumu, zito kama inavyotakiwa, mpaka likagota. Nikagonga geji ya kwanza, nikagonga ya pili. Mifereji ya D ikiwa wazi yote, zilikuwa zimepishana kwa pauni moja tu. Nikatoa fomu, lakini sikuandika. Nikainua uso, nikangoja.

Mzee Mulwa akatokea dirishani, kofia mkononi, mkono wa pili unadondoka maji.

"Yamefika, mwanangu," akasema. "Sasa andika."

Pale kwenye nafasi ya shahidi, ambapo siku zote tuliweka jina la meneja, nikaandika jina lake.